“Wamekuta Wadudu Wawili”: Hadubini, Jicho na Neno la Mtaalamu

Kaa nusu saa kwenye benchi la zahanati yoyote ya Dar es Salaam, utamsikia mtu akimpa mwenzake taarifa kwenye simu: “Nimeshapima malaria, wamekuta wadudu wawili.” Aliyeketi pembeni ataingilia kwamba mwanawe wiki iliyopita alikutwa na watano, akahangaika kweli. Kwa hesabu hiyo wadudu wawili ni nafuu, mtu anameza dawa na kurudi kazini.

Hao wawili ni wa wapi? Mara nyingine ni alama mbili za kujumlisha zilizoandikwa kwenye karatasi ya majibu, ambazo mgonjwa amezigeuza kuwa idadi. Alama mbili maana yake msomaji alikuta vimelea kati ya 11 na 100 alipopitia sehemu mia moja za tone nene la damu. Mara nyingine ni hesabu kweli: vimelea viwili kwa kila chembe nyeupe 200. Tuichukue hiyo ya pili tuipigie hesabu kama maabara inavyopiga. Inakadiriwa kwamba maikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ina chembe nyeupe 8,000. Viwili kwa 200 ni sawa na vimelea 80 kwa maikrolita. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Zidisha: wadudu wawili wa kwenye simu ni vimelea milioni 400 vinavyozunguka mwilini wakati mwenyewe anatafuta daladala.

Nimeanza na wadudu hao kwa sababu wamebeba hoja yangu yote. Tunaposema “maabara imeonyesha” au “hadubini imethibitisha”, tunaruka hatua. Hadubini inatoa picha. Picha inasomwa na mtu, na mtu huyo anaandika sentensi. Daktari anapokea sentensi, hakimu anapokea sentensi. Katika kununua mashine, kukata utepe na kupiga picha za uzinduzi tuko hodari, lakini ile sentensi tunaipokea kama ilivyo, bila kuiuliza imeona nini na haikuona nini. Kwa miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu nilikuwa nyuma ya hadubini, na bado nadhani hapo ndipo penye tatizo, hospitalini na mahakamani vilevile.

Kwanza jina. Wengi wetu tunaiita darubini, hata mafundi wanaoitengeneza. Sina ugomvi na lugha ya watu, ila darubini ni neno la Kiajemi lenye maana ya kuona mbali, na chombo tunachokizungumzia kazi yake ni kutazama kilichoko chini ya pua yako. Hadubini basi.

Ile iliyoko karibu kila kituo cha afya ni hadubini ya mwanga. Ina lenzi ya juu unayowekea jicho, inayokuza mara 10, na chini kuna gurudumu lenye lenzi nne, kila moja na mkanda wake wa rangi: nyekundu mara 4, njano mara 10, buluu mara 40, nyeupe mara 100. Malaria inasomwa kwa hiyo nyeupe, kwa hiyo unakuza mara 1,000. Lenzi hiyo haifanyi kazi kavu. Inahitaji tone la mafuta kati yake na kioo, kwa sababu mwanga ukitoka kwenye kioo na kuingia hewani unapinda na kupotea, na mafuta yale yanapitisha mwanga karibu sawa na kioo chenyewe. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayotenganisha maabara nzuri na mbaya. Anayemaliza kusoma na kuzungusha gurudumu bila kufuta mafuta anaipaka lenzi ya 40, ambayo haikutengenezwa kuguswa na mafuta, na kuanzia siku hiyo kila atakayeitumia ataona ukungu.

Damu yenyewe huwekwa kwa namna mbili kwenye kioo. Tone nene linaachwa bila kukaushwa kwa kemikali, ili maji ya rangi yapasue chembe nyekundu na vimelea vibaki peke yake. Hapo unatafuta kama vipo. Tone jembamba linapitishwa kwenye methanoli ili chembe nyekundu zibaki na umbo lake. Hapo unatambua ni vimelea vya aina gani. Rangi inayotumika ni ya Giemsa, na jina hilo linatuhusu kuliko wengi wanavyojua. Gustav Giemsa alikuwa mfamasia hapa hapa Dar es Salaam, enzi za Wajerumani, kati ya mwaka 1895 na 1898. Rangi aliyoikamilisha baadaye huko Hamburg na kuichapisha mwaka 1904 ndiyo inayopaka damu yetu hadi leo: kiini cha kimelea chekundu, mwili wake buluu. Alphonse Laveran, aliyeviona vimelea hivyo kwanza huko Constantine, Algeria, tarehe 6 Novemba 1880, aliviona bila rangi yoyote, katika damu mbichi, kwa sababu vilikuwa vinacheza. Mwanafunzi wa leo ukimpa damu isiyopakwa rangi atakwambia slaidi, yaani kile kioo chenye damu, ni safi.

Sasa njoo kwenye kusoma. Kabla hujaandika kwamba hukuona vimelea, kanuni inakutaka upitie sehemu 100 za tone nene. Ukizipitia kwa uaminifu ni dakika kama kumi kwa slaidi moja. Foleni ya asubuhi ikiwa na wagonjwa 60, hizo ni saa kumi za kutazama bila kunyanyua kichwa, na hapo hujapima mkojo wala choo, hujapokea mama mjamzito. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kile anajua kinachotokea ikifika saa tano. Sehemu 100 zinakuwa 30, zinakuwa 15. Kisha linakuja lile jambo ambalo hatulisemi hadharani: daktari keshaandika malaria, mgonjwa keshasema anahisi malaria, na wewe hujaona kitu. Kuandika alama moja ya kujumlisha hakumuudhi mtu yeyote.

Nilipita kituo kimoja cha pwani, jina lake naliacha, ambako hadubini ilikuwa nzuri, ya msaada, imefunikwa kitambaa kilichoshonwa vizuri. Nikaweka jicho. Katikati ya picha kulikuwa na kitu kama mizizi ya mti, kimetawanyika. Nikabadilisha slaidi, mizizi ikabaki. Ilikuwa kuvu iliyoota ndani ya lenzi kwa unyevunyevu wa bahari, jambo ambalo huzuiwa na kabati lenye balbu inayowaka au pakiti za kunyonya unyevu. Dirishani slaidi za tone nene zilikuwa zinakauka, na nzi wanazila damu, sehemu nyingine zimebaki na matundu. Nilimuuliza kijana wa maabara anasomaje. “Tunakadiria, kaka,” akasema. Sikumlaumu. Tangu mashine ifike, hakuna fundi aliyewahi kuja, na mwenyewe hajawahi kurudishwa darasani.

Kukadiria huko kuna gharama, na gharama hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliokuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali walichukuliwa damu, slaidi zikasomwa upya na wasomaji waliobobea. Waliokuwa na vimelea kweli walikuwa 2,062, asilimia 46. Wengine 2,412 waliwekewa dawa ya malaria kwa ugonjwa ambao haukuwa malaria. Katika waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 6.9. Katika wale ambao hawakuwa navyo walikufa asilimia 12.1. Wengi wao walihitaji antibayotiki, na jina la malaria lilikuwa limeshafunga mlango wa kufikiria kitu kingine.

Vipimo vya haraka vilivyosambazwa miaka iliyofuata viliziba sehemu kubwa ya pengo hilo, na kuna wakubwa waliodhani hadubini imestaafu. Haikustaafu. Kipimo cha haraka kinatafuta protini inayotolewa na kimelea, na kwa kawaida kinahitaji vimelea kati ya 100 na 200 kwa maikrolita ili kionyeshe mstari. Wadudu wawili wetu, wale 80, kinaweza kuwapita. Baya zaidi, katika Pembe ya Afrika vimetokea vimelea visivyo na jeni ya protini hiyo. Kipimo hakivioni kabisa, na Eritrea ililazimika kubadilisha aina ya kipimo mwaka 2016. Waliogundua kwamba wagonjwa wanaumwa na kipimo kinasema hawaumwi ni watu waliokuwa bado na hadubini na bado wanajua kuisoma.

Kifua kikuu kina hadithi yake. Robert Koch alipotangaza bakteria wake Berlin tarehe 24 Machi 1882, kazi kubwa ilikuwa imefanyika kwenye rangi, kwa sababu ganda la nta la bakteria huyo linakataa rangi za kawaida. Mpaka leo kipimo cha makohozi kwa hadubini ya kawaida kinahitaji bakteria kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ndipo uwe na matumaini ya kumwona mmoja. Kipimo cha vinasaba cha GeneXpert, hata toleo lake la kwanza, kilitosheka na 130 hivi. Katikati yake ipo hadubini ya mng’ao: makohozi yanapakwa rangi inayong’aa ikipigwa mwanga wa buluu, bakteria wanawaka kama vimulimuli gizani, na msomaji anaweza kutumia ukuzaji mdogo na kupita eneo kubwa kwa muda mfupi. Zamani taa zake zilikuwa za zebaki, ghali na za moto, ila taa za LED zimeifanya iwezekane hata wilayani. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi ambayo kliniki zilishayapitisha kuwa hayana kitu. Panya anapita sampuli 100 kwa dakika 20. Lakini panya hasaini majibu. Akikwaruza sampuli, inapelekwa chini ya hadubini ya mng’ao, na jicho la mtu ndilo linalomwandikisha mgonjwa dawa. Napenda utaratibu huo, kila mmoja anajua mipaka yake, panya na binadamu.

Mipaka ya mwanga wenyewe ilishapigiwa hesabu na Ernst Abbe mwaka 1873. Vitu viwili vikikaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, vitaonekana kitu kimoja, hata ukikuza namna gani. Kwa mwanga tunaouona ni kama nanomita 200. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000, kwa hiyo 200 si haba, bakteria wanatosha. Virusi wengi hawatoshi. Wauzaji wa mitandaoni wanaotangaza hadubini ya shilingi laki mbili “inayokuza mara 2,000” wanakuuzia ukungu mkubwa zaidi.

Ili kuvuka hapo, Ernst Ruska na Max Knoll waliacha mwanga. Mwaka 1931, Berlin, walitumia miale ya elektroni inayokunjwa kwa sumaku badala ya vioo. Ruska alisubiri Tuzo ya Nobel hadi 1986. Chombo walichokianzisha kimezaa matawi mawili makubwa. Moja linapitisha elektroni ndani ya kipande chembamba mno na kuonyesha yaliyomo tumboni. La pili linapapasa uso wa kitu na kutoa zile picha za kichwa cha nzi zinazotisha watoto. Vyote viwili vinafanya kazi katika ombwe, kitu kikiwa kimekaushwa au kugandishwa. Kwa hiyo unachokiona kimekufa.

Mfano ambao hausahauliki ni wa mwaka 1976. Watu walikuwa wanakufa katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire. Damu ya mtawa mmoja ilisafirishwa kwa ndege ya abiria hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya themosi, kama chai. Walipofungua walikuta chupa moja kati ya mbili imevunjika na barafu imeyeyuka. Kwa hadubini ya mwanga hakukuwa na la kuona. Kwa ile ya elektroni kulikuwa na uzi: mrefu, umejikunja, mnene wa nanomita 80 tu. Picha maarufu zaidi ilipigwa na Frederick Murphy huko Atlanta tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Lakini umbo peke yake halikutosha kumpa jina. Virusi vya Marburg, vilivyojulikana tangu 1967, vina sura ileile. Ilibidi kupima kinga ili kuthibitisha kwamba huyu ni mwingine, ndipo akaitwa Ebola, kwa jina la mto.

Huo ndio uzi wenyewe ninaoufuata. Kuona umbo na kumjua mwenye umbo ni hatua mbili. Watafiti wa mbu wanalijua hili kila siku. Chini ya hadubini ya kupasulia, ile ya macho mawili inayokuza mara 10 hadi 40 na kukuonyesha kitu kwa kina chake, mtu mzoefu anamtambua Anopheles, mbu wa malaria, kwa madoa ya mabawa na urefu wa vipapasio. Ila ndani ya kundi la gambiae wamo ndugu, gambiae mwenyewe na arabiensis, wasiotofautishwa na jicho lolote, la kijana wala la profesa. Mmoja anapenda kuuma watu ndani ya nyumba, mwingine anajitosheleza hata kwa ng’ombe huko nje. Chandarua kinamhusu mmoja kuliko mwenzake. Ili kuwatenganisha lazima upime vinasaba. Mtafiti akiandika “kundi la gambiae” anasema alichokiona. Akiandika “gambiae” kwa jicho tu, ameongeza chumvi.

Chumvi hiyo ikiingia kwenye damu au mbu, inaharibu takwimu na wakati mwingine inaua. Ikiingia mahakamani, inafunga.

Sayansi jinai inatumia hadubini za aina nyingi kuliko hospitali. Ile ya kupasulia ndiyo ya kwanza kwenye meza: nguo ya marehemu inapitiwa sentimita kwa sentimita, unatafuta uzi wa rangi nyingine, kipande cha rangi ya gari, yai la nzi. Ile ya mwanga uliochujwa upande mmoja inabainisha vitu kwa namna vinavyopindisha mwanga. Nailoni na pamba zinatengana hapo hapo, na chembe za wanga, za muhogo au za mahindi, zinaonyesha msalaba mweusi katikati, jambo linalomuumbua anayechanganya unga wa nyumbani kwenye dawa za kulevya. Mwili ukiokotwa ziwani, maabara inaweza kutafuta diatomi, mwani wenye ganda la kioo, ndani ya uboho wa mfupa. Hoja ni kwamba wangefika huko ikiwa tu moyo ulikuwa unapiga maji yalipoingia mapafuni. Wapo wataalamu wanaobisha uzito wa ushahidi huo, nami naona wana haki ya kubisha.

Halafu kuna masalia ya baruti. Bastola ikifyatuliwa, mvuke unatoka na kuganda kuwa vidonge vidogo mno kwenye mkono, vyenye risasi, bariamu na antimoni kwa pamoja. Kiswahili kilishaona uhusiano huo kabla ya maabara: risasi ni madini, na risasi ni ile inayoua. Hadubini ya elektroni inayopapasa inakitafuta kidonge, kisha inasoma miale yake ya eksirei kujua kimeumbwa na nini. Ushahidi mzuri sana, isipokuwa kwamba vidonge hivyo vinahama. Vinatoka kwenye mkono wa askari kwenda kwenye pingu, kwenye kiti cha gari la polisi, kwenye meza. Mashine inasema kidonge kipo. Kilifikaje, haisemi.

Kwa risasi yenyewe mfalme ni hadubini linganishi: hadubini mbili zilizounganishwa kwa daraja la vioo, unaona vitu viwili upande kwa upande kwenye duara moja. Kila mtutu unaacha mikwaruzo yake kwenye risasi, na kila bastola inagonga ganda kwa namna yake. Calvin Goddard na wenzake walianzisha kituo chao New York mwaka 1925, na sifa zao zikapaa baada ya watu saba kuuawa gereji moja ya Chicago tarehe 14 Februari 1929. Wauaji wawili walikuwa wamevaa sare za polisi, kwa hiyo mji mzima ulishuku polisi. Goddard alijaribu bunduki za polisi, akasema si hizi. Mwishoni mwa mwaka zikakamatwa bunduki mbili katika nyumba ya jambazi huko Michigan, akasema ndizo. Kazi safi. Lakini angalia: neno “ndizo” lilitegemea jicho na uzoefu, bila kipimo cha uwezekano wa kukosea. Mwaka 2016, miaka karibu 90 baadaye, jopo la washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani lilipotafuta tafiti zilizopima makosa ya wataalamu wa risasi kwa njia sahihi, lilikuta moja tu.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa kwenye nywele. Kwa miongo kadhaa wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliweka unywele wa kwenye tukio na unywele wa mtuhumiwa chini ya hadubini linganishi, wakatazama magamba ya nje, uti wa kati na mtawanyiko wa rangi, kisha wakapanda kizimbani. Nywele kufanana ni jambo la kweli na linaonekana. Ila hakuna aliyejua watu wangapi wana nywele zinazofanana namna ile. Mwaka 2002 matokeo ya utafiti wa nywele 80 ambazo hadubini ilisema zinalingana, zikapimwa vinasaba, yalionyesha kwamba 9 zilikuwa za watu wengine kabisa.

Kuna kesi moja ya Washington. Julai 1978 dereva wa teksi alipigwa risasi na kuuawa. Jirani na tukio ikaokotwa soksi ya kike iliyotumika kuficha uso, ndani yake nywele 13. Kijana wa miaka 17 akashtakiwa. Mtaalamu akasema unywele mmoja unalingana na wake katika sifa zote za kihadubini. Mwendesha mashtaka akamalizia kwamba uwezekano wa kuwa wa mtu mwingine ni pengine moja katika milioni kumi, namba aliyoitoa kichwani mwake. Kijana akafungwa, akakaa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2012 nywele zile 13 zikapimwa vinasaba. Hakuna hata mmoja uliokuwa wake, na mmoja ulikuwa wa mbwa.

Miaka mitatu baadaye FBI wenyewe walikubali matokeo ya mapitio ya mashauri ya zamani. Katika mashauri 268 ambayo ushahidi wa nywele ulitumika kumkandamiza mshtakiwa, 257 yalikuwa na kauli zilizozidi kile sayansi inachoruhusu. Watu 35 kati ya hao walikuwa wamehukumiwa kifo, na kwa 33 kauli zilikuwa na kasoro. Tisa walikuwa wameshanyongwa au kuuawa kwa njia nyingine ya sheria. Tafadhali usome vizuri: hadubini zao zilikuwa bora kuliko zozote, lenzi hazina kuvu, umeme haukatiki, wataalamu wana vyeti. Kilichoharibika ni sentensi. “Zinafanana” iligeuka “ni zake”, kama vile kwetu “sijaona vimelea” inavyogeuka “hana malaria” na alama mbili zinavyogeuka wadudu wawili.

Huku kwetu mjadala wa sayansi jinai unaishia kwenye mashine. Mbunge anauliza lini mkoa wake utapata maabara, waziri anajibu bajeti ijayo. Sijasikia akiulizwa mtaalamu wa serikali amekosea mara ngapi katika mitihani ya upofu, yaani kupewa sampuli ambayo jibu lake linajulikana na yeye hajui kama anapimwa. Sheria zetu za ushahidi, Tanzania na Kenya, zinaliita neno la mtaalamu maoni, na mahakama haifungwi nayo. Neno zuri sana, maoni. Ila nimekaa kwenye mahakama za ngazi ya chini na kuona ripoti yenye muhuri ikipokelewa kama aya ya msahafu, wakili wa utetezi, akiwepo, hana hata swali moja. Angeweza kuuliza mambo ya kawaida tu: ulitumia hadubini ya aina gani, ulitazama kwa muda gani, nani mwingine alisoma bila kujua jibu lako, na kitu hicho kinaweza kufanana na vingine vingapi?

Hospitalini maswali ni hayo hayo. Majibu ya malaria yaandikwe idadi kwa maikrolita, alama za kujumlisha ziachwe. Shirika la Afya Duniani lilishasema hivyo zamani. Kila maabara ihifadhi slaidi kadhaa za kila mwezi, zenye vimelea na zisizo na vimelea, zisomwe upya na mtu wa nje asiyejua jibu la kwanza. Na fundi wa lenzi apewe nauli kabla ya mashine mpya kuagizwa. Fedha zake ni kidogo kiasi kwamba naona aibu kuzitaja kama mapendekezo.

Hilo la kuhifadhi ndilo linalonirudia kila nikifikiria kesi ya Washington. Nywele 13 ziliweza kusemewa upya baada ya miaka zaidi ya thelathini kwa sababu karani fulani aliziweka kwenye bahasha, akaandika namba, akafunga kabati. Kule nilikofanya kazi mimi, ikifika Ijumaa jioni slaidi zote za wiki zilitumbukizwa kwenye ndoo ya sabuni, wazima na wagonjwa pamoja, zikasuguliwa, zikaanikwa juu ya gazeti. Jumatatu tulianza nazo tena.